Kiwambo Kilichoshikwa na Kutu

Hilppa Tanskanen alikuwa ameishika simu ya chama chetu cha wawindaji kwa mwaka wa saba, na hakuna aliyekumbuka alivyoipata. Ni simu ya kawaida tu, nyeusi, kioo chake kimepasuka pembeni. Mtu akigonga hirvi barabarani, yule mnyama wa misitu yetu mwenye mwili wa ng'ombe na miguu ya twiga, polisi hupiga simu hiyo. Anayeishika anaacha alichokuwa anafanya, anachukua mbwa na bunduki, anaenda kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa ili ammalize. Halipwi kwa hilo. Akichelewa, mnyama anateseka porini, na watu wanasema.

Kazi yake hasa ilikuwa kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea pale kijijini. Anawaogesha, anawalisha uji, anawageuza kitandani. Akitoka kazini mgongo unamuuma, anakuta simu inaita. Msimu ule wa vuli hirvi walikuwa wengi barabarani kuliko kawaida, na Hilppa alikuwa amefika mahali ambapo mtu hasemi tena kwamba amechoka, maana hata kulisema ni kazi.

Mwenzake alikuwa Veijo Kärnä, mzee wa miaka sabini na kitu, dereva mstaafu wa magari ya magogo. Veijo alikuwa amewinda maisha yake yote kwa bunduki tupu, bila kiwambo cha kuzuia sauti wala kitu chochote masikioni, kama walivyofanya wanaume wa rika lake. Matokeo yake sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilisikia mlio mmoja tu usiokoma, mwembamba kama wa birika linalochemka. Bunduki zake alikwisha kuziuza. Sasa alikuja kwa ajili ya kumshika mbwa, na kwa ajili ya maneno.

"Usiniseme kwa sauti ndogo," alikuwa akimwambia Hilppa kila mara. "Ukitaka kunisengenya, nisengenye kwa nguvu, nifaidi na mimi."

Mbwa alikuwa wa Hilppa, jike la kijivu la kuwindia hirvi, jina lake Tuisku. Kazi ya mbwa kama huyu ni kumfuata mnyama, kumsimamisha, na kumbwekea pale pale mpaka mwenye bunduki afike. Maana yake risasi inapopigwa, mbwa yuko karibu, na masikio ya mbwa ni mepesi kuliko yetu. Ndiyo sababu Hilppa alifunga kiwambo kwenye bunduki yake tangu Tuisku akiwa mtoto. Alikinunua kikiwa kimetumika, kwa mwanachama mmoja aliyekuwa anahamia mjini. Kilikuwa cha aluminiamu, kinene kama chupa ya chai, na nusu yake ilirudi nyuma juu ya mtutu ili bunduki isiwe ndefu mno vichakani.

Sisi sote tunajua kiwambo kinavyotunzwa. Ukirudi kutoka porini, unakifungua, unakisimamisha mahali pakavu mdomo ukiwa chini, unapangusa mtutu, unapaka grisi kidogo kwenye hesi za kufungia. Moshi wa baruti unaacha uchafu ndani, uchafu unavuta maji, na maji yanakula chuma. Hilppa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanachama wapya mambo haya. Lakini vuli ile alikuwa akirudi ameloa, anampa Tuisku chakula, anaiingiza bunduki kabatini na kiwambo chake, anafunga kabati, na kulala na soksi miguuni. Tena akikifungua na kukirudisha, mahali risasi inapopiga huenda pakahama kidogo, ikabidi aende uwanja wa shabaha kupima upya. Muda huo angeutoa wapi?

Jumapili moja mwezi wa Novemba alipata mchana wa kupumua. Akaitoa bunduki, akajaribu kukifungua. Kiligoma. Akakizungushia mkanda wa ngozi, akakaza meno, akakivuta. Kikasogea kidogo, kikatoa sauti ya mchanga, kikagoma tena. Unga mweupe ukamwagika mezani.

"Kesho," akasema, akairudisha kabatini.

Hakujua kwamba amekiacha kibaya kuliko alivyokikuta. Sasa hakikukazika wala hakikufunguka, kimeinama upande kwa kipimo kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona.

Simu iliita Jumatatu asubuhi, kabla hajamaliza kahawa. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa inanyesha. Alimpitia Veijo, wakaenda mpaka kwenye mteremko wa barabara ya Valtimo. Gari dogo jekundu lilikuwa limeingia mtaroni, boneti limekunjamana. Mwanamke kijana alikuwa amesimama pembeni na blanketi la polisi mabegani.

"Hirvi alikuwa na mtoto wake," yule mwanamke alisema. "Mtoto alivuka. Mama yake ndiye niliyemgonga."

"Wewe umeumia?" Hilppa akamwuliza.

"Hapana. Amekufa?"

"Bado. Kaa ndani ya gari la polisi, kuna joto."

Hirvi hakuwa mbali. Alisimama ukingoni mwa msitu, mguu mmoja wa nyuma unaning'inia, pumzi zake zinatoka nyeupe. Umbali ule Hilppa angepiga hata usingizini. Akaegemea mti, akalenga nyuma ya bega, akavuta.

Sauti haikuwa ile aliyoizoea. Ilikuwa kama mtu amepiga bati kwa nyundo. Hirvi akaruka, akayumba, akaingia msituni na mguu wake uliovunjika.

"Umekosa!" akasema Veijo, macho yamemtoka. "Wewe? Umekosa?"

Hilppa aliitazama bunduki. Mdomo wa kiwambo ulikuwa umechanika upande mmoja kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Risasi ilikuwa imevigusa visahani vya ndani vinavyopunguza mlio wakati wa kutoka, ikapotoka, na sasa ilikuwa ndani ya mnyama mahali isipotakiwa kuwa.

"Mwachie Tuisku," akasema.

Walitembea. Damu ilionekana kwenye theluji nyepesi, kisha mvua ikaifuta, kisha ikaonekana tena nyeusi, ya tumboni. Hilppa alipoiona rangi hiyo aliongeza mwendo. Njia ilishuka hadi kwenye kinamasi, wakazama mpaka magotini, buti la Veijo likabaki kwenye tope na yeye akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mimi nikifia hapa," alisema akilivuta buti, "mwambie dada yangu nilikuwa kanisani."

"Dada yako hataamini."

"Nini?"

"HATAAMINI!"

"Kweli. Basi mwambie nilikuwa baa."

Baadaye kidogo Hilppa akainua mkono. Mbele, nyuma ya misonobari iliyosongamana, Tuisku alikuwa anabweka mahali pamoja. Veijo hakumsikia, lakini alijua kwa kuutazama uso wa Hilppa.

Hirvi alikuwa ameingia kwenye mfereji wa zamani wa kukaushia kinamasi, akashindwa kutoka. Alikuwa amelalia kifua, kichwa juu, na Tuisku anaruka huku na huku karibu na pua yake. Hapakuhitajika shabaha. Palihitajika mtutu safi tu, na mtutu ulikuwa umefungwa mdomo na kile kipande cha chuma kilichochanika. Kupiga tena kupitia humo kungeweza kukipasua usoni mwake.

Hilppa akatoa risasi ndani ya bunduki, akaegemeza kitako chini, Veijo akavua mkanda wa suruali, akauzungusha kwenye kiwambo. Mmoja alishika bunduki kwa mapaja, mwingine akavuta kwa uzito wake wote. Kikatoa mlio wa kutu, kikaachia ghafla, na Veijo akaanguka chali nacho mkononi. Suruali nayo ikashuka. Siku nyingine yoyote wangecheka mpaka machozi.

"Tuisku! Njoo! Njoo hapa!" Hilppa akaita.

Mbwa hakugeuka hata sikio. Alikuwa amefunzwa asimwache hirvi, na alikuwa hamwachi.

Hilppa alisimama na ile bunduki isiyo na kiwambo, mtutu mwembamba mikononi mwake kama kitu cha mtu mwingine. Vizuia sauti vya masikioni alikuwa ameviacha garini, maana kwa kiwambo alikwisha kuzoea kutovivaa. Masikio yake mwenyewe si kitu, alifikiri. Lakini Tuisku alikuwa mbele ya mtutu, hatua chache tu. Mlio wa bunduki isiyo na kiwambo kwa umbali ule ungemtoboa masikio, na mbwa akishaogopa bunduki haponi kwa urahisi. Hirvi akaguna. Pumzi yake ilikuwa na povu.

"Ngoja," akasema Veijo.

Alikwenda kwa magoti, suruali kaishika kwa mkono mmoja, akizunguka kutoka upande ambao hirvi asingeweza kumfikia kwa kwato. Akamnasa Tuisku kwa kamba ya mgongoni, akamburuta mbwa anayepiga mateke mpaka nyuma ya shina la msonobari ulioanguka. Akamlalia. Akamfunika kichwa kwa koti, kisha akayabana masikio yake mawili kwa viganja vyake, uso wake ameuzika kwenye manyoya yaliyoloa.

"Na yako je?" Hilppa akapiga kelele. "Veijo! Masikio yako!"

Veijo alikuwa hasikii, lakini alijua angeulizwa nini. "Yangu yalishakufa!" akafoka bila kuinua kichwa. "Piga, mama wee, piga! Ananing'ata!"

Hilppa akaiweka risasi, akaenda ubavuni, akapiga.

Ilikuwa kama kupigwa ubao kichwani. Hirvi akalaza shingo kwenye maji ya mfereji, akatulia. Kisha pakawa hakuna sauti yoyote duniani, hata ya mvua, ila mlio mwembamba ndani ya kichwa cha Hilppa, usiopanda wala kushuka. Alimwona Veijo ameinuka, mdomo wake unafunguka na kufungika.

"Sikusikii," akamwambia.

Veijo akamtazama kwa muda, akaelewa. Hakufanya mzaha. Alikuja akamshika bega, akaketi naye juu ya lile shina, na Tuisku katikati yao anatetemeka, hai, masikio yamesimama.

Mlio ule ulimkaa Hilppa wiki nzima kwenye sikio la kushoto, kisha ukapungua, lakini haukuisha wote. Kazini bibi mmoja alimwomba maji kutoka upande huo, akaomba tena, na tena, mpaka akaanza kulia. Hilppa alipogeuka na kuona machozi yale, naye akalia, akiwa ameshika bakuli la uji.

Jumamosi Veijo alimpeleka kwenye duka la bunduki mjini Nurmes. Kijana wa dukani alipanga viwambo vitatu kwenye kaunta.

"Hiki cha chuma kinavumilia sana," alisema, "lakini ni kizito, utakihisi mwisho wa mtutu. Hiki cha titani ni chepesi. Hiki cha tatu kinafunguka vipande, unasafisha ndani mwenyewe."

"Anapiga risasi mbili tatu kwa siku," Veijo akaingilia, kwa sauti iliyogeuza vichwa dukani. "Lakini bunduki anaibeba kutwa! Mpe chepesi! Kifunguke! Yeye ni mvivu wa kusafisha!"

"Veijo."

"Sisikii."

Hilppa alikichukua kile kinachofunguka, baada ya kijana kuhakikisha kwamba tundu lake linaifaa risasi yake. Hesi za mtutu fundi alizikata upya, maana kutu ilikuwa imezila. Uwanjani risasi zake zilianguka chini kushoto kwa upana wa kiganja, akasahihisha darubini ya bunduki, akapiga tena mpaka zikakusanyika. Safari hii alivaa na vya masikioni. Tuisku alikuwa amefungwa mbali, mtu anampa vipande vya soseji. Kwenye mlio wa kwanza alijikunyata, kwenye wa tatu akaendelea kutafuna.

Kwenye mkutano wa chama, mwisho wa msimu, Hilppa aliiweka ile simu mezani katikati ya vikombe vya kahawa.

"Mimi siwezi tena," alisema. "Kiwambo kiliharibika kwa sababu ya uchovu wangu, na yule mama hirvi akabeba risasi yangu tumboni mpaka kinamasini. Mwaka wa saba huu. Ichukueni."

Hakuna aliyeinyooshea mkono. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa sababu nzuri. Mwenyekiti akakohoa, akaanza kusema jinsi tunavyomshukuru Hilppa.

"Shukrani hazimlazi mtu!" Veijo akafoka. "Gawaneni wiki kwa wiki, nyinyi wenye mbwa, au niichukue mimi ambaye sisikii ikiita!"

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa tuko wanne, kila mtu wiki yake, na Hilppa amebaki na moja kwa mwezi. Si kwamba amepona uchovu. Uchovu wa namna ile hautoki kwa wiki tatu. Lakini siku ile ile, wakati sisi tunabishana kuhusu zamu na supu ya hirvi inachemka jikoni, tuligeuka tukamkuta amelala kwenye benchi karibu na jiko la kuni, mdomo wazi, buti bado miguuni.

"Nyamazeni nyote!" Veijo akaunguruma, madirisha yakatetemeka. "Hamwoni amelala?"

Hilppa hakuamka.