Ng'ombe Wangu na Silinda ya Nne

Mchumba wangu Jilala ana moyo safi, ila gari likimpendeza anapagawa. Mwaka ule wa sabini na nne aliona MG nyekundu kule Geita, gari la mbio la Mzee Stanslaus, akasema atalitolea ng'ombe wote aliowatenga kwa mahari yangu. Wote! Na Baba, fundi magari wa Ushirombo, alishaapa: bila ng'ombe hakuna harusi.

"Ng'ombe hao ni wangu," nikamwambia. "Twende wote." Nikachukua geji ya Baba, ile ya kupima kama silinda inashika upepo.

Tulipofika, Jilala alilikagua kama fahali wa mnadani: akapapasa ubavu, akapiga kofi mgongoni. Nusura alipanue mdomo atazame meno.

"Hebu toka hapo!" nikafoka. "Hujui hata kama lina mapafu."

Mzee Stanslaus akacheka. "Mwanamke na injini, wapi na wapi?"

"Shikamoo, Mzee. Sasa nipishe."

Nilitoa plagi zote, nikafunga geji, Jilala akapiga stata huku amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Silinda ya kwanza, sindano ikapanda vizuri. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne ikaishia chini. Jilala akanitazama kama mfiwa.

Nikamimina kijiko cha oili ndani ya silinda ile. Sindano ikipanda sasa, ni oili imeziba pengo, yaani ringi za pistoni zimekwisha, na gari tunaliacha hapohapo. Jilala akapiga stata tena.

Haikupanda hata kidogo! Basi ni valvu tu inayovuja, na kusaga valvu Baba alinifundisha kabla sijajua kusonga ugali.

"Mzee, valvu yako moja haifungi," nikasema. "Chukua fahali mmoja na mtamba, au gari lilaliwe na kuku."

Akabisha, akaapa kwa watakatifu wote, mwishowe akakubali.

Valvu niliisaga mwenyewe. Jumapili baada ya misa tukaingia uani kwa Baba: ng'ombe mbele, sisi nyuma garini polepole, honi ikilia, majirani wakipiga vigelegele. Wale wawili waliopungua Baba hakuwaulizia. Aliinamia boneti, akasikiliza injini, akatabasamu.

"Gari la nani hili?"

"La binti yako, Baba," Jilala akasema. "Mimi napewa lifti tu."