Mkaaji wa Muda

Walimwita Kalamu, na jina likamkaa. Alipanga chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki, chenye meza, kompyuta na printa iliyozoea kutafuna karatasi, na humo aliwaandikia wafanyabiashara Kiingereza. Wengi wao walitaka kitu kilekile: kumwambia mteja wa mbali kwamba biashara huenda ikawepo na huenda isiwepo, bila kumkimbiza na bila kujifunga. Hapo ndipo alipokuwa fundi. Alijua neno gani la Kiingereza humfanya mnunuzi asubiri na lipi humfanya atafute pengine. Alijua kuonyesha mashaka kwa heshima mpaka mashaka yenyewe yakaonekana kama uangalifu. Watu walitoka mjini kote kumfuata kwa ajili hiyo, na hakuona ubaya wake. Biashara ni biashara.

Kaka yake alipanda ngazi asubuhi moja akiwa na dalali. Huyu kaka nyumbani walimwita Bosi tangu hajaota meno ya ukubwani, kwa sababu alizaliwa wa kwanza, wa kiume, na Mama hakuwahi kumkatalia kitu. Alishika mfuko wa karatasi uliolowa mafuta, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuanza kutafuna paja la kuku.

"Dada, kuna barua moja ndogo," alisema.

"Ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Kwani tunazo ngapi?"

Kalamu aliiacha kazi iliyokuwa mbele yake. Nyumba ilikuwa ya Mama, kwa jina la Mama, na Mama alikuwa ndani yake, chumba cha nyuma, na mguu wenye kidonda kilichokataa kufunga.

"Mama anajua?"

"Atajua. Atahamia kwangu, wifi yako anaandaa chumba. Usianze."

Dalali alikuwa mtu wa manukato makali, na alipozungumza aliinama mbele kana kwamba anakunong'oneza siri ya ndoa. "Mnunuzi yuko nje ya nchi," alisema. "Ana hamu. Ila sisi hatuna uhakika wa lini tutamkabidhi. Tunataka aelewe kwamba hatuna uhakika, lakini asituone watu wasio na uhakika. Si ndiyo kazi yako, dada?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliandika kwamba familia inaelekea kuuza, kwamba tarehe bado haijathibitika, kwamba mengi yanategemea mpangilio fulani wa ndani. Alipofika mahali pa kueleza kwa nini nyumba haiko tupu, alisita. Dalali ndiye aliyempa neno. Kwa Kiingereza, mtu aliyemo ndani ya jengo, awe mpangaji au nani, anaitwa *occupant*. Mkaaji tu. Halina jinsia wala umri, wala halisemi amezaa nani.

"Weka na wa muda," dalali alisema. "Mkaaji wa muda."

Kalamu aliweka. Alijiambia kwamba ni kweli, Mama anahama. Bosi alinyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta kuonyesha sentensi aliyoipenda, na kidole kikaacha doa la mafuta.

Jibu la mnunuzi lilikuja kabla wiki haijaisha, na Bosi akarudi, safari hii peke yake, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Mnunuzi aliuliza mambo mawili. Mkaaji huyo ataondoka lini? Na baada ya kuondoka, nyumba itahitaji kupuliziwa dawa?

"Mjibu hivi," Bosi alisema. "Hatuna hakika kamili, lakini haitarajiwi kupita msimu wa baridi. Uiseme vizuri."

"Chumba kwa wifi kitakuwa tayari kabla ya baridi?"

Bosi aliitoa ile njiti mdomoni, akakitazama alichokipata, akairudisha.

"Chumba gani, Dada? Na harufu ile? Wewe mwenyewe umeuona mguu. Daktari kasema mwili umechoka. Mimi simwombei mabaya mama yangu, ila tuseme ukweli, baridi ile ataivuka?"

Mate yalimjaa Kalamu mdomoni, ya chumvi, yakawa mengi kuliko angeweza kumeza. Alitoka haraka mpaka kwenye sinki la korido, lile la kuoshea mikono ya mafundi wa chini, akatapika chai yake yote juu ya madoa meusi ya grisi. Aliposuuza mdomo alimsikia kaka yake kule chumbani akimwambia mtu kwenye simu kwamba yuko kwa mwandishi, kila kitu kinaenda sawa.

"Una mimba?" alimuuliza aliporudi, akacheka.

"Acha nitaiandika," Kalamu alisema. "Nenda."

Hakuiandika. Alifunga ofisi akaenda kwa Mama.

Alikuta mlango wa mbele uko wazi. Dalali alikuwa chumba cha nyuma, kitambaa puani, akivuta utepe wa kupimia kutoka ukutani hadi dirishani, na utepe ule ulipita juu ya kitanda, juu ya shuka, juu ya Mama aliyelala chali na macho yamefumba. Chungu cha mkojo alikuwa amekisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kikamwagika kidogo. Manukato yake yalikuwa yamejaa chumba kizima, matamu, mazito, kama tunda lililooza ndani ya kabati.

"Kalala, sijamsumbua," dalali alisema.

"Toka."

"Dada, nakaribia kumaliza, bado upande wa..."

"Toka kabla sijakumwagia hicho ulichokipiga teke."

Alitoka, na utepe ukaburuzika nyuma yake. Kalamu alifungua madirisha yote. Alipiga deki, akachemsha maji, akafungua bandeji ya mguu. Usaha ulikuwa mwingi siku hiyo. Aliusafisha polepole, kwa pamba, kuanzia pembeni kuja katikati kama alivyofundishwa na muuguzi, na tumbo lake lilitulia kabisa.

"Mimi sikuwa nimelala," Mama alisema.

"Najua."

"Anapima nini yule? Jeneza?"

Kalamu alifunga bandeji mpya. Halafu akamweleza. Alimsomea barua ya kwanza kutoka kwenye simu, akiigeuza Kiswahili neno kwa neno, na "mkaaji wa muda" akalisoma mara mbili. Alimwambia kwamba neno lile alilipokea kwa mkono wake mwenyewe, akaliandika. Kisha akamwambia habari ya msimu wa baridi.

Mama aliutazama mguu wake uliofungwa.

"Angeniuliza ningeuza," alisema. "Unajua? Nimeichoka hii nyumba. Choo kiko mbali, paa linavuja upande ule. Angekaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia, Mama, tuuze. Ningesema haya. Huyo mwanangu nimemnyima nini mimi?"

"Hukumnyima kitu."

"Basi mwandikie huyo mtu."

"Nimwambieje?"

"Mwambie mkaaji ni mimi."

Kalamu aliandika palepale, ameketi ukingoni mwa kitanda, na hakumwomba Mama maneno mengine ya kuongeza. Ilikuwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika kwa lugha ile. Nyumba ni ya mama yetu. Anaishi ndani yake. Hakuombwa ruhusa. Haiuzwi. Alitafuta kwa mazoea mahali pa kuingiza neno la kulainisha, hakulitaka, akatuma.

Mnunuzi alijibu kwa mstari mmoja, kwamba anasikitika na hakuwa anajua. Bosi naye hakusikitika. Alipiga simu akapayuka, akamwita Kalamu msaliti, mchawi, mwanamke aliyekosa mume akaamua kuwazibia wenzake riziki. Kalamu aliiweka simu mezani ikaendelea kuongea peke yake. Dalali alimtumia ujumbe wa kumdai fidia ya usumbufu.

Baridi ilikuja, ikapita. Kidonda hakikupona ila hakikuzidi. Kalamu alihamisha kompyuta yake kwa Mama, na wateja wakaizoea njia mpya.

Siku moja mchana mlango uligongwa, na alikuwa Bosi, amebeba mfuko wa machungwa. Hakumwangalia dada yake. Alipita moja kwa moja chumba cha nyuma.

"Mwanangu," Kalamu alimsikia Mama akisema, na sauti yake ilikuwa nyororo, ya furaha tupu. "Umekonda. Wewe dada yake, mpakulie ndugu yako chakula."

Alimpakulia. Bosi alikula ameketi ukingoni mwa kitanda, akilamba vidole, akisimulia habari za watoto wake, na Mama akicheka kila mahali palipostahili na pasipostahili. Habari ya nyumba haikutajwa na yeyote. Alipoondoka alimpa Mama mkono, akambusu kichwani, na alipofika mlangoni akamnong'oneza Kalamu, "Kuna barua nyingine, ya kiwanja cha rafiki yangu. Mteja haeleweki. Nitakuletea uiweke vizuri."

"Usiniletee," Kalamu alisema.

"Ah, Dada. Bado una kinyongo?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, mafuta yaking'aa kidevuni.

Kalamu alifunga mlango. Mama aliita kutoka nyuma, akitaka kujua kama kaka yake ameshiba. Akajibu kwamba ameshiba. Halafu akaichukua sahani kwa ncha za vidole, akaiosha kwa sabuni, akaisuuza, akainusa, akaiosha tena.