Kichekesho cha Papa Idrissa

Jumapili saa tisa mchana, watu walipokwisha kutoka misa na kula, ukumbi wa filamu wa Franck kule Mangobo, Kisangani, ulijaa mpaka madirishani. Viti vya plastiki vilikuwa sitini, watu mia na kitu. Jenereta ilikuwa inakohoa nje, shuka jeupe limebanwa ukutani kwa misumari minne, na Mama Hélène ameketi mbele katikati, amejifunga kitenge kipya. Mama Hélène halipi kiingilio. Katika kumbi za Mangobo filamu ya kuchekesha haianzi mpaka mama wa kicheko aketi, maana watu wa huku hawapendi kuwa wa kwanza kucheka. Wanataka mtu awafungulie njia. Yeye hucheka kwa tumbo zima, na akishaanza, hata mwenye msiba nyumbani hujikuta anashika mbavu.

Kando yake alikaa Papa Idrissa, ndani ya koti la kuazima lililombana makwapa. Filamu ilimhusu yeye. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mchoraji wa Ofisi ya Vipimo vya Mto. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchora mstari mweupe ubavuni mwa kila mashua ya mbao inayobeba watu na mizigo kutoka Kisangani. Maji yakifika kwenye mstari, mashua imeshiba, haiongezwi hata kuku. Mwaka jana mkuu wake alimwamuru aupandishe mstari shibiri moja, kisha shibiri ya pili, kwa mashua zote. Mwezi wa tano mashua iitwayo *Bon Courage* ikazama kabla ya kufika Yangambi. Ofisi ilitangaza kwamba wamekufa watu tisa. Idrissa akaandika barua kwa mkono wake, akaeleza habari ya mstari, akaipeleka kwa gavana, redioni na kwa maaskofu. Jibu alilopata ni kufukuzwa kazi.

Chimène, binti wa dada wa marehemu mkewe, ndiye aliyetengeneza filamu. Alipiga picha kwa simu mbili na kamera moja ya harusi.

"Tonton, tukifanya drame, film ya kulia, batatuita mu bureau," alikuwa amemwambia. "Tukifanya comédie, batacheka, halafu batatuacha. Na mutu akicheka, anakumbuka."

Tena ilikuwa kweli kwamba filamu ya kuchekesha haikuhitaji kuombewa kibali. Idrissa alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Binti yake Nadia alikuwa anasafiri Alhamisi kwenda Isangi kununua mafuta ya mawese, kwa mashua yenye mstari uleule wa uongo, uliochorwa na baba yake. Nadia husafiri kila mwezi, ndiyo kazi inayowalisha wote wawili. Idrissa alitaka mji mzima ucheke sana hadi Ofisi ione aibu na kuushusha mstari kabla ya Alhamisi. Hakuwa na mpango mwingine.

Filamu ikaanza. Mwigizaji aitwaye Merdi, aliyechukua nafasi ya Idrissa, alitokea na ndoo ya rangi na masharubu ya makaa. Mkuu wake alikuwa mtu mwenye mto wa kulalia chini ya shati. Akaitazama mashua, akatikisa kichwa.

"Hii mustari iko chini sana," akasema. "Boti inasikia haya."

Hapo ndipo Mama Hélène alipaswa kuanza. Alivuta pumzi, akafungua kinywa, na watu nyuma yake wakajiweka tayari. Hakikutoka kitu. Kwenye shuka Merdi alifuta mstari na kuuchora juu kwa shibiri moja, na ndani ya ukumbi maji yakaingia chini ya mlango, yakafika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa maji ya mto, mekundu-mekundu, na yalinuka magogo. Watu wakavua viatu, wakaviweka mapajani. Franck akaunyanyua waya wa umeme na kuuning'iniza kwenye msumari.

Mkuu akasema tena, boti bado inasikia haya. Merdi akapandisha mstari shibiri ya pili, na maji yakafika magotini. Kinamama wakaweka watoto madirishani. Mtu mmoja aliomba sauti iongezwe, maana maji yalikuwa yanapiga ukuta na maneno hayasikiki vizuri.

Sehemu ambayo Chimène aliitegemea kuliko zote ilikuwa karibu na mwisho. Mstari umepanda mpaka umemaliza mbao zote, hakuna pa kuchora, na Merdi anapanda ngazi na kuuchora kwenye kofia ya nahodha, naye nahodha amesimama wima kama mtu anayenyolewa. Walipoipiga picha hiyo, wapigaji picha wenyewe walianguka chini kwa kucheka. Jumapili ile maji yalikuwa vifuani mwa walioketi. Hakuna aliyecheka. Watu waliitazama kofia ya nahodha kama wanaosomewa hukumu.

Kisha viatu vikaja. Vilitokea upande wa shuka, vikaelea polepole kati ya viti: ndala, mokasini, raba za shule, kiatu kimoja cha harusi cha mwanamke. Watu walivipisha. Filamu ilipokwisha maji yalitoka kwa njia yaliyoingilia, viatu vikabaki sakafuni. Franck alivikusanya akavipanga barazani kwa jozi, pale jozi ilipopatikana. Vilikuwa vya watu sabini na wanne.

Idrissa alivihesabu mara mbili, halafu akaketi chini palepale. Tisa, Ofisi ilisema tisa. Hata yeye, aliyeandika barua, alikuwa ameandika tisa.

Watu walitoka wakilalamika. Si kuhusu maji, nguo zingekauka. Walilalamika kwamba waliahidiwa kichekesho.

"Film iko muzuri, lakini haichekeshi," walimwambia Chimène mmoja mmoja, kwa upole, kama watu wanaotoa pole.

Chimène alikuwa amejiinamia, uso ameuvuta. Mama Hélène ndiye aliyeona haya zaidi.

"Nilifungua mudomo, mwanangu," alimwambia. "Kicheko ilikataa. Ilifika hapa, ikarudi." Akamwonyesha mahali, chini kidogo ya koo.

Jumatatu akaja Claudine, muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, mzaliwa wa Yanonge. Mwaka mzima alikuwa amesafiri kila mwezi kwenda Ofisini kumuulizia kaka yake, na kila mwezi alijibiwa kwamba jina lake halimo katika orodha, kwa hiyo hakupanda. Alipita barazani, akaokota raba moja, akachungulia ndani. Ulimi wa raba ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Aliushona yeye mwenyewe.

"Donc alipanda," akasema.

Akamshukuru Franck, akakifunga kiatu ndani ya kitambaa na kukibeba kichwani pamoja na beseni la chikwangue. Idrissa aliyaona hayo akiwa amesimama mlangoni. Katika filamu, baada ya ile kofia, mchoraji anagoma, anatupa brashi, anamwambia mkuu ukweli usoni. Mambo hayakwenda hivyo. Mkuu alisema shibiri moja, naye akapandisha. Akasema ya pili, akapandisha, akaosha brashi na kwenda kula. Barua aliiandika baadaye, watu walipokwisha kuzama. Chimène alimwomba ruhusa ya kulibadilisha hilo, na yeye alimpa upesi mno.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, mkuu mwenyewe alikuja. Jina lake Chef Dady, mtu msafi, mwenye viatu vya ngozi. Alitaka aonyeshwe filamu peke yake. Alikaa kiti cha mbele, akavikumbatia viatu vyake, akaitazama mwanzo hadi mwisho, maji yakampanda mpaka vifungo vya koti. Aliyeigizwa kwa mto wa kulalia alikuwa yeye, na hakukasirika hata kidogo. Wala hakucheka. Filamu ilipokwisha alikamua mikono ya koti na kumwita Idrissa.

"Papa Idrissa, nakwambia kweli. Haichekeshi."

"Banasema vile, chef."

"Bon. Na tena, hii maji haina autorisation. Maji inaingia mu nyumba ya batu, inapanda, inashuka, na hakuna mustari. Kesho mutu akilalamika, ni miye batauliza. Donc weye utanichorea mustari mu ukuta. Pale." Akanyoosha mkono usawa wa bega lake. "Maji ikibakia chini ya pale, iko maji ya kawaida."

Idrissa alitazama ukuta. Jeuri ilikuwa imemwisha siku nyingi, lakini safari hii alijua kwamba anahitajiwa. Mjini hapakuwa na mwingine aliyeweza kuchora mstari ulionyooka kwa jicho tu.

"Nitachora," akasema. "Lakini mbele ya boti ya kesho kutoka, utashusha ile mustari yake. Shibiri mbili. Irudie pa zamani."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Chef Dady alimtazama kidogo, kama anayengoja nyongeza. Nyongeza haikuja. Akampa mkono, mkono bado umelowa. Idrissa alichora mstari wa ukumbini siku ileile, mweupe, umenyooka, usawa wa bega. Usiku alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano wa mwaka jana.

Alhamisi asubuhi alimsindikiza Nadia mpaka bandarini. Mashua iliitwa *Mungu Anaona*. Alienda moja kwa moja ubavuni mwake, akainama: mstari wa juu umekwanguliwa, na shibiri mbili chini, pale pa zamani, upo mpya, rangi haijakauka. Aliugusa, akapata weupe kidoleni. Furaha ilimpanda hadi akacheka peke yake mbele za watu. Akamnunulia Nadia mikate ya kukaanga, mingi kuliko anavyoweza kula mtu mmoja.

Halafu upakiaji ukaanza. Wakapandisha saruji, kisha masanduku ya bia, pikipiki sita, magodoro, mbuzi, na watu juu ya vyote hivyo. Saa nne kasoro robo mstari uligusa maji. Saa nne ulikuwa ndani ya maji. Wapakiaji hawakupunguza mwendo. Idrissa akamwendea nahodha, kijana aitwaye Glodi, akamshika mkono.

"Mustari imezama!"

Glodi alichungulia ubavuni kwa adabu, kwa vile Idrissa alikuwa mzee.

"Iko pale, papa. Unaiona? Iko mu maji tu. Banasema ni weye uliomba bashushe. Bameshusha."

Idrissa aliinama akautazama. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameshughulika na mistari, na alipopewa nafasi ya kuomba jambo moja, aliomba mstari. Mizigo hakuitaja. Haikumjia hata kidogo kuitaja. Mstari ulikuwa mahali pake pa haki kabisa, shibiri mbili chini, na juu yake palikuwa na maji, na juu ya maji mbao za upana wa viganja viwili.

"Nadia! Shuka!"

Nadia alikuwa ameketi juu ya magodoro, sandali miguuni, mikate mapajani.

"Papa, usipige kelele mbele ya batu," akasema. "Nikishuka hii, nitapanda gani? Zote ziko sawa. Nitafika kesho. Nitakupigia simu."

Idrissa alitaka kuingia majini amshushe kwa nguvu, lakini walikuwa wamekwisha kuondoa ubao wa kupandia. Mashua ilijivuta, ikageuka, ikashika mto. Abiria walimpungia mkono. Wengi walimfahamu kwa ile filamu.

Ijumaa simu haikuja. Jumamosi haikuja pia. Wenye ndugu Isangi walisema mtandao wa huko umekatika siku tatu, wala hiyo si habari, hukatika mara kwa mara. Wengine walisema mashua hulala njiani. Ofisi ilisema haina taarifa yoyote, na kwamba mistari yote imeshushwa kwa usalama wa wananchi.

Jumapili saa tisa ukumbi wa Franck ulijaa tena. Nje bado palikuwa pameandikwa *Comédie*, maana kubadilisha kungehitaji kibali. Watu walikuja na nguo za kubadilisha ndani ya mifuko, na wenye ndugu waliopotea walikuja na mabeseni ya kubebea viatu. Hakuna aliyetegemea kucheka. Merdi alipandisha mstari wa kwanza, maji yakaingia. Akapandisha wa pili, yakapanda. Watu waliangalia ukutani, wakaona yako mbali chini ya mstari wa Idrissa, wakatulia.

Idrissa alikuwa kiti cha mbele, suruali imekunjwa. Hakutazama filamu. Kofia ya nahodha ilipochorwa na viatu vikaanza kutokea upande wa shuka, alisimama ndani ya maji, akawa anakamata kimoja kimoja, anakigeuza, anakiachia. Vilikuwa vingi kuliko Jumapili iliyopita, na vingine vilikuwa havijashika matope bado.

Mama Hélène alimtazama kwa muda. Kisha akainuka, akakaza kitenge kiunoni.

"Ni numéro gani, papa?"

"Trente-huit," akasema Idrissa, thelathini na nane, namba ya mguu wa Nadia. "Sandali."

Mama Hélène akachukua upande wa kushoto.