Bendera Mbili Kwenye Ramani

Zachariah Mushi hakuwa mtu wa kupotea, na hakumruhusu mtu yeyote pale Moshi asahau jambo hilo. Alipopanga kwenda Nairobi kumtembelea Gerishon, kaka wa mkewe, alikataa katakata kuhangaika na laini ya Kenya. Alipita Arusha akanunua simu ya bei poa, iliyokwisha kutumika, yenye ufa kwenye kona. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumwonyesha njia bila mtandao.

"Ramani ya Nairobi imo tayari," muuzaji alimwambia. "Ila usiiwekee laini, na usiiunganishe na mtandao wowote. Itakufia mkononi."

Mtu mwingine angejiuliza simu inayouzwa Arusha inafanya nini na ramani ya Nairobi. Zachariah alijiona ana nyota ya jaha. Mwenye simu wa kwanza alikuwa ameacha bendera mbili nyekundu kwenye ramani ile. Moja, katika mtaa wa Woodley, ilikuwa imeandikwa "Kwa Mum". Ya pili ilikuwa mbali, huko nyuma ya Ngong, mahali pasipo na barabara wala nyumba, nayo iliandikwa "Niko hapa". Zachariah alicheka, akaziacha zilivyo.

Siku moja kabla ya safari, Gerishon alikuwa amempigia kwenye simu yake ya kawaida, ambayo aliiacha nyumbani, kumpa maonyo. "Shem, huku si Moshi. Ukiitiwa mwizi Nairobi hakuna mtu anauliza swali. Wanakuchapa kwanza. Tupatane Adams Arcade, pale kwa maduka ya Ngong Road, nitakupeleka kwangu Kileleshwa na gari."

Aliposhuka kwenye basi katikati ya jiji, simu ilikaa kimya muda mrefu ikitafuta setilaiti. Kisha kidoti cha buluu kikaruka, kikatua pale pale aliposimama. Zachariah akaandika Adams Arcade, akaifuata njia iliyochorwa kwa miguu, akipandisha kuelekea Ngong Road huku akiwakwepa makondakta waliomvuta mkono, na moyoni akijipongeza. Simu haikusita hata kwenye kona moja. Ilikwenda kama mbuzi anayerudi zizini, na kadiri Adams ilivyokaribia, ndivyo alivyoanza kuhisi vibaya bila kujua kwa nini. Alilaumu njaa.

Gerishon hakuwepo. Mawingu yalikuwa yametanda, na magari kwenye Ngong Road yamesimama foleni. Zachariah aliingia kwenye kibanda cha chipsi, akangoja, akangoja tena.

"Si utumie waifai yetu umtumie meseji?" msichana wa kaunta alimwambia.

Alikumbuka maneno ya muuzaji. Akajiambia kwamba ujumbe mmoja hauui simu. Akaunganisha.

Hakuwahi kuandika hata salamu. Simu ilianza kulia kwa sauti ya juu kabisa, mlio mkali usiokoma, na kila alipobonyeza kitufe cha kuizima, ilinyamaza kidogo, ikaanza upya. Watu wakageuka. Nje, mwendesha boda boda mmoja akashuka kwenye pikipiki yake, akaja hadi mlangoni.

"Hiyo simu naijua," alisema. Jina lake, Lenox, lilikuwa limeshonwa kwenye jaketi lake. "Hiyo crack kwa corner. Hiyo ni ya Ryan."

Kabla Zachariah hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka upande wa Woodley. "Ryan! Ryan wangu!" Alikuwa anakimbia na ndara, aproni bado kiunoni, na simu yake mwenyewe mkononi, akiendelea kuibonyeza ili ile ya mwanawe ilie. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Zachariah hakuwahi kuiona kwa mtu mzima. Mwanamke akaingia, akatazama meza zote, kisha akamwona aliyeishika simu.

"Shikamoo, mama," Zachariah akasema.

"Mwizi ni huyu!" mtu akapiga kelele, na mkono ukamkamata ukosi. Mlango ulijaa watu, na mmoja wao alikuwa ameokota jiwe.

"Ngojeni, mnisikilize! Mimi nimeinunua Arusha. Natokea Tanzania, mama, naapa!"

"Wachana naye kwanza, Mama Ryan aongee," Lenox alisema, lakini ukosi haukuachiliwa.

Mama Ryan, Milcah kwa jina lake, alisimama karibu naye kabisa. "Mtoto wangu ako wapi? Alitoka na hii simu April akasema anaenda kuona kazi huko Ngong. Polisi wananiambia vijana huwa wanaenda tu. Kila siku nabonyeza hii kitu inaniambia iko offline. Leo imeniambia iko Adams, hapa tu nyuma ya nyumba. Nimejua amekuja. Ako wapi?"

Zachariah aliijua bendera ya pili. Alikuwa ameicheka. Sasa aliona aibu iliyomchoma, na aliona pia kwamba bendera ile ndiyo pekee ingemtoa pale akiwa hai. Alitaka kuishi. Akafungua ramani, akamwonyesha mama wa watu.

"Hii sikuiweka mimi."

Milcah alisoma polepole. "Niko hapa."

Kelele zilipungua. Lenox alichungulia. "Huko hakuna network, Mathe. Hangeweza kupiga."

"Ryan aliniambia hata bila bundles za internet hii ramani inajua uko wapi," Milcah alisema, kana kwamba anajibu swali la mtu mwingine. "Alinionyesha jikoni." Ukosi uliachiliwa. Aliyeokota jiwe alilitupa chini.

Gari la Gerishon lilisimama nje, naye akashuka akiita, "Shem! Niwie radhi, jam!"

"Bonyeza," Milcah akasema. "Inipeleke."

Zachariah akabonyeza. Simu ikachora mstari wa buluu kutoka kwenye kibanda cha chipsi hadi mahali ambapo barabara zote zinaishia, na mbele ya hapo ikaendelea na vitone tu. Milcah alivua aproni, akamshika mkono wa shati, akaushikilia.

"Tunaenda na wewe. Ni wewe unajua kuitumia."

Alimwongoza hadi kwenye gari la Gerishon. Zachariah aliketi mbele na simu magotini, kidoti kikaanza kusogea kuelekea bendera ya pili, na yeye ambaye hakuwahi kupotea maishani mwake akaomba kwa Mungu, kimoyomoyo, wapotee.