Jina la Mwisho Kwenye Kioo

Wifi yake, dada wa mumewe, mshonaji wa sare za shule, alipoamua kugombea udiwani, Fundi alifurahi kama ndugu wengine, kisha akaingiwa na wasiwasi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupima mashine za kura za kata nzima. Alimweleza msimamizi wa uchaguzi mapema ili baadaye pasiwe na maneno. Msimamizi akamjibu kwamba mashine haijui undugu, aendelee na kazi.

Mashine zilipangwa juu ya meza kwenye ukumbi wa kata. Kila moja ilitakiwa ibonyezwe majina yote, kisha karatasi inayotoka ikaguliwe. Jina la wifi lilikuwa chini kabisa kwenye kioo cha mashine. Mawakala wa wagombea wengine walikaa kwenye benchi wakitazama, na kila Fundi alipofika chini, walikohoa. Mmoja wao, mtu wa mzaha, akasema uchaguzi bado lakini wifi mtu ameshaanza kuongoza. Ukumbi mzima ukacheka. Fundi naye akacheka, ila uso ulimwaka. Kwenye mashine zilizobaki alibonyeza majina ya juu tu, akaliruka lile la chini, akasema zote ni nzima. Moyoni alijiambia anaepusha maneno.

Wifi alishindwa. Kilichomuuma zaidi ni kituo cha sokoni, mahali alipo na cherehani yake, ambako kura zake zilikuwa za kuokoteza. Jumapili ndugu walipokusanyika kwa mama mkwe wa Fundi, wifi alikaa barazani akisema labda alijidanganya, kumbe kuchekewa si kupendwa.

Mama mkwe hakutoka chumbani. Fundi akampelekea chai, akamkuta ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Nikikwambia jambo, mwanangu, utanifichia?" mama aliuliza. "Pale sokoni nilibonyeza jina la mtoto wangu, likakataa. Nikabonyeza tena na tena. Watu wako nyuma wanasubiri, nikaona haya. Mwisho nikagusa la juu yake, likakubali. Nimemnyima kura mtoto niliyemzaa. Vidole vyenyewe vimeshazeeka."

Fundi akakumbuka jina aliloliruka. Angeweza kumbembeleza mama, akasema mashine nazo zina vituko vyake, akatoka na kikombe. Hakuna ambaye angejua. Lakini mama alikuwa anafuta machozi ya kosa la mtu mwingine.

"Si vidole vyako, mama," alisema. "Ni mimi."

Akamwita wifi aingie, akawaeleza wote wawili, bila kujitetea.

Wifi akamgeukia. "Kwa hiyo uliona haya kugusa jina langu."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu waliokuwa wanakutania tu."



Kesho yake Fundi alikwenda kwa msimamizi, akarudia maneno yaleyale. Mashine ya sokoni ilipopimwa mbele ya mawakala, sehemu ya chini ya kioo ilikuwa imekufa kabisa. Fundi akaondolewa kazini, na kituo kile kikaamriwa kurudia uchaguzi kwa karatasi.

Mama mkwe aliwahi foleni mapema, akatoka ametulia. Lakini wengi waliopiga kura mara ya kwanza hawakurudi; mtu hafungi biashara yake mara mbili kwa ajili ya diwani. Kura za wifi ziliongezeka sana, zisitoshe. Akashindwa tena, na safari hii hapakuwa na la kukatia rufaa.

Jioni ile Fundi alimfuata wifi kibandani kwake sokoni, akamkuta anakunja vitambaa. Akaanza kuomba radhi upya. Wifi akamkatisha kwa upole.

"Sina kinyongo, wifi. Mama analala usingizi sasa, na hilo nakushukuru. Ila usinitake nicheke leo."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akashika ncha ya pili ya kitambaa, wakakunja pamoja mpaka vyote vikaisha.