Kupima kwa Teke

Mimi na baba tumeziba pancha kwenye kibanda kimoja kwa miaka thelathini. Geji ya kupimia upepo inaning'inia msumarini, lakini mzee hakuwahi kuigusa. Alilipiga tairi teke, akasikiliza, akasema, "Kwa nje limejaa. Nenda." Wateja wakamwita Teke. Asipopatia, tairi lilipasuka mbali na sisi.

Presha yake aliipima vilevile. Daktari alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Akameza mwezi mmoja, kichwa kikaacha kumgonga.

"Sasa hivi vingine vya nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nafungua nati. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Kama huumwi, mzee, unatibu nini? Weka. Ikipanda utameza."

Maneno hayo ni yangu. Simsingizii daktari.

Vidonge vilikaa miaka sita kwenye kopo la valvu. Halafu miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia, akawa anatapika kila asubuhi. Hospitali wakasema figo zote mbili zimekwisha, presha imezila kimyakimya. Sasa mara tatu kwa wiki anakaa kwa muda wa saa nne kando ya mashine ya kusafisha damu. Chumba kina viti kumi na viwili, karibu vyote vya wazee. Uliza yeyote, atakwambia habari ya kichwa kilichoacha kuuma.

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nikasema nitampa figo yangu moja.

"Hiyo yako imezoea pombe," akasema. "Itanilewesha bure."

Lakini alifuta macho kwa shuka.

Siku ya vipimo nesi akanifunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akatazama. Akahamia mkono wa pili.

"Kaka, unajisikiaje?"

"Ngangari."

"Ulishawahi kupima presha?"

"Niumwe nini mpaka nipime?"

Hakucheka. Baada ya wiki mbili daktari akaniita. Presha iko juu, pengine kwa miaka mingi, na figo zangu nazo zimeshaanza kuharibika.

"Huwezi kutoa," akasema. "Zitunze hizo ulizonazo. Hazitoshi watu wawili."

Nikaenda kwa baba na pakiti yangu ya vidonge mfukoni. Nikamweleza yote. Mashine iliendelea kuzungusha damu yake. Kisha mzee akainua mguu uliovimba, akanipiga teke pajani, taratibu, akainamisha sikio kama yuko kibandani.

"Kwa nje limejaa," akasema.

Nilitaka kucheka, sikuweza.

"Meza, mjinga wewe. Hapa hapa, nikuone."

Nikachukua glasi ya maji, nikameza kidonge, nikainywa yote. Yeye figo hazitoi maji tena, anapimiwa kikombe kimoja kutwa nzima. Hakuniangalia usoni. Aliiangalia glasi mpaka ikaisha.