Randa Yenye Unyayo wa Kuku

Asubuhi hiyo Fundi Mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, anakwangua kutu kwenye bisibisi ya zamani kwa kipande cha shaba, lakini masikio yake yote yako ndani ya nyumba. Alikuwa anasubiri kikohozi cha baba yake. Kila Jumamosi baba akimaliza chai hukohoa mara moja, akatoka na mkoba begani, na bila hata kumwangalia akasema, "Haya Fundi Mdogo, twende tukaokoe watu." Watu wenyewe ni nyundo zilizovunjika mipini, patasi zilizosahaulika mvuani na misumeno iliyobaki vibogoyo, wote wamelala soko la vyuma chakavu wakisubiri kuyeyushwa.

Kikohozi kikaja. Baba akatoka na mkoba wake.

"Haya fundi, twende tukaokoe watu."

Fundi Mdogo akasimama, akapangusa mikono kwenye sketi. Kumbe hakuambiwa yeye. Nyuma ya baba alikuwa anatoka shemeji, bado anatafuna, na ule mkoba baba akamtwika yeye. Ndipo baba akamwona binti yake amesimama, akamwambia abaki tu na bisibisi zake, jua kali na mitihani iko karibu. Akakaa tena kwenye kigoda. Utadhani jua limeanza kuwaka juzi.

Huyo shemeji alikuwa mchumba wa dada yake, kazi yake kutengeneza simu. Alipokuja mara ya kwanza kusalimia wakwe, wenzake wangekaa sebuleni na kusifu chai. Yeye alipotea njia ya msalani, akaingia karakana, akashika patasi na kuuliza hii inaitwaje. Basi. Baba alikuwa hajaulizwa swali la maana miaka mingi. Binti yake hakuwa na maswali, maana alikulia chini ya meza ya kazi, kwenye maranda, akachezea vyombo kabla hajajua kutembea vizuri. Isitoshe alikuwa mtu wa kimya. Shuleni waliowahi kusikia sauti yake walikuwa wa kuhesabu, na hata hao walisema labda ilikuwa ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo karakana ikawa na maneno. Shemeji anauliza, baba anajibu, anacheka, anasahau chakula. Na lile jina, lile ambalo binti alilipata kwa kufuta kutu mpaka kucha zikawa nyekundu, baba alimpa mgeni bila hata ile "mdogo" mwishoni. Fundi. Hivihivi tu. Mtu wa kufungua simu kwa pini.

Dada yake aliona ile midomo iliyovimba, akamtania kwamba nyumba hii mchumba ni wake lakini anayeona wivu ni mwingine. Fundi Mdogo akazidi kukwangua. Wivu ni kama kutu, haupigi hodi.

Kulikuwa na jambo moja lililomuuma zaidi, nalo lilining'inia ukutani. Babu yake, baba wa baba, alikuwa seremala. Macho yalipomwishia, vyombo vyake viliuzwa kimoja kimoja, wakati baba bado mtoto wa kaptura. Lakini babu alikuwa na alama yake. Kwenye kila chombo alichora kwa ncha ya msumari kitu kama unyayo wa kuku, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Baba alikuwa anautafuta unyayo huo kila soko la chakavu alilowahi kukanyaga. Hadi leo alikuwa amepata patasi moja na nyundo ndogo. Zilitundikwa juu ya meza ya kazi, na katikati yake kulikuwa na msumari mtupu. Ule ulikuwa wa randa. Babu alikuwa na randa ya mbao, baba alisema, iliyopita kwenye ubao kama mtu anayenong'ona. Na Fundi Mdogo alikuwa amejiapiza kimoyomoyo kwamba atakayeipata ni yeye.

Mchana wakarudi. Shemeji amebeba randa ya mbao mikononi kama mtu aliyekabidhiwa kichanga. Ilikuwa na hali mbaya: tope limejaa mdomoni, kabari ya kubana kisu imevimba, na kisu chenyewe chote kutu. Baba aliigeuza mara moja tu akamrudishia. Karakana ile ilikuwa na sheria yake, aliyeokoa ndiye anayetibu, na ndiye anayetundika. Mwingine haruhusiwi kutia mkono mpaka aitwe. "Umemchagua mwenyewe, muuguze mwenyewe," baba akamwambia, akaingia ndani kunawa.

Shemeji aligongagonga kabari mpaka ikalegea, akachomoa kisu, akakiweka mezani. Dada akamwita kula, naye akaenda.

Fundi Mdogo akabaki peke yake na kile kisu. Hakukusudia ubaya. Mkono wake ulikuwa umezoea tu kuinua chuma na kukilaza upande wa dirisha, maana mwanga ukipita kwa ubavu ndio unaoonyesha yaliyo chini ya kutu. Akakilaza. Akauona. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, vyembamba kama unywele.

Miguu yake ilikuwa tayari kukimbia kumwita baba, lakini akili ikamtangulia mlangoni na kumwonyesha yatakayotokea. Baba atalia. Baba atamkumbatia shemeji. Kisha shemeji atapanda kwenye stuli, atatundika randa ya babu kwenye ule msumari, na maisha yote itasemwa kwamba fundi aliipata, kwenye soko ambalo Fundi Mdogo amelichakura tangu ana meno ya utoto. Na siku hiyo yeye alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kigoda, na bisibisi.

Akakirudisha kisu mezani. Upande wenye alama akaulaza chini.

Shemeji alirudi na kopo tupu na chupa ya siki aliyoiomba jikoni. Alieleza, kwa furaha, kwamba kazini kwake betri ikivujia ndani ya simu huwa wanasafisha kwa siki na uchafu wote unakimbia. Halafu akasita, akamgeukia.

"Shemeji, wewe ndiye mwenyeji hapa. Nikitia siki nitaharibu?"

Fundi Mdogo alijua jibu. Siki inakula kutu usiku mmoja, na asubuhi lazima utoe, uoshe, upake mafuta, kwa sababu kutu ikiisha siki haishibi, inaendelea na chuma chenyewe. Na chuma chenye mchoro hakitiwi siki kabisa. Kinapanguswa kwa mafuta ya taa na kukwanguliwa kwa shaba taratibu, shaba haichubui. Baba alimfundisha hayo kabla hajafundishwa kuandika jina lake.

"Si wewe ndiye fundi," akasema.

Shemeji alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alifurahi kwelikweli, kwa sababu tangu aanze kuja nyumba ile, huyu shemeji mdogo alikuwa hajawahi kumtania. Akamimina siki, kisu kikazama, akasukuma kopo chini ya meza na kusema atakuja kesho kukitoa.

Kesho yake hakuja, alipata kazi nyingi. Keshokutwa vilevile. Baba naye alikuwa anatoka alfajiri kwenda kufunga makabati kwenye nyumba ya watu, anarudi usiku hoi. Kopo lilibaki na Fundi Mdogo. Kila akitoka shule alipita kuliangalia. Mwanzo lilikuwa linatoa vipovu vidogovidogo, kama linaongea. Baadaye likanyamaza, siki ikawa nyeusi. Kuna siku alipiga magoti akaingiza mkono chini ya meza, vidole vikagusa bati. Akasikia dada anaongea na simu uani, anacheka, anamwambia mchumba wake kwamba baba anamuulizia kila siku. Akautoa mkono. Akajiambia si chombo chake. Aliyeokoa ndiye anayetibu.

Jumamosi shemeji akafika mapema. Kisu kilipotoka kilikuwa safi, lakini usafi wa mgonjwa: kijivu, uso wote vitundu kama mkate. Shemeji hakujua tofauti, akamwonyesha mkwewe jinsi kutu ilivyoisha. Akamwomba amsaidie kusafisha gogo la randa, ule mwili wake wa mbao, kwa hiyo sasa baba alikuwa ameitwa, na sheria ikamruhusu.

Baba alichokonoa tope la mdomoni kwa kijiti. Akapuliza. Akapuliza tena, kisha akaacha. Kwenye mbao, pale kisu kinapolala, pahali ambapo huwezi kupaona randa ikiwa imefungwa, babu alikuwa amechora tena. Unyayo wa kuku.

Baba alipitisha kidole gumba pale kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono, akaomba kisu. Akakilaza upande wa dirisha, akakigeuza, akakilaza tena: vitundu tu, alama haipo.

"Kilikaa kwenye siki tangu lini?"

"Tangu siku ile tuliyokuja nacho, mzee."

"Haya," baba akasema. Hakupaza sauti. Aliweka kisu chini polepole, akatoka nje, akakaa kwenye gogo la mti uani akiangalia ukuta wa jirani.

Shemeji alibaki anauliza, kuna nini, amekosa nini. Alikuwa hajawahi kuambiwa habari za babu. Baba alikuwa amemfundisha kila kitu isipokuwa lile lililomuuma. Fundi Mdogo aliinua kidole akaonyesha patasi ukutani. Shemeji akasogea. Akaangalia unyayo kwenye patasi na kwenye nyundo, msumari mtupu, kisha gogo la randa na kisu mezani. Taratibu akaelewa. Mwisho akamgeukia yeye.

"Siku ile nilidhani unanitania."

Fundi Mdogo alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Alipoinua uso, mlango ulikuwa wazi na shemeji ameshapita.

Jumamosi iliyofuata Fundi Mdogo alikuwa tena kwenye kigoda. Kikohozi kikaja. Baba akatoka, mkoba begani mwake mwenyewe, nyuma yake hakuna mtu.

"Haya Fundi Mdogo, twende."

Hakusema tukaokoe watu. Sokoni walichakura pamoja kama zamani, bega kwa bega, na ilikuwa ndiyo Jumamosi aliyoililia. Baba aliokota keekee moja nzito ya kutoboa mbao, akaizungusha mpini, ikazunguka laini. Akatabasamu, akaielekeza upande wake wa kushoto, upande ambao hapakuwa na mtu.

"Hii fundi angeipenda," akasema. Akairudisha.

Walirudi na mkoba mtupu. Gogo la randa lilikuwa bado pale mezani, na kile kisu kijivu pembeni yake. Fundi Mdogo aliuliza kama aitundike. Lilikuwa swali lake la kwanza karakana ile baada ya muda mrefu, na baba alimwangalia kana kwamba ameuliza jambo la aibu. "Ina mwenyewe," akamjibu. "Atakuja."

Baba akaingia ndani kulala. Yeye akachukua simu, akaandika, akafuta. Akaandika maneno mengi, akafuta yote. Kisha akaandika haya, akayatuma kabla vidole havijarudi nyuma:

"Shemeji, siku ile sikuwa nakutania. Alama nilikuwa nimeshaiona. Msumari bado mtupu, njoo utundike."

Akaiegemeza simu kwenye jiliwa la kubania mbao mezani, akachukua kipande chake cha shaba na bisibisi ya zamani. Tiki zikawa mbili. Zikawa za bluu. Chini ya jina la shemeji pakaandikwa kwamba anaandika, pakanyamaza, pakaandikwa tena, kisha hapakuwa na kitu. Fundi Mdogo akaendelea kukwangua. Ile bisibisi ilikuwa imeshang'aa zamani.